Mume Wangu Alipanda Mwamba, Sasa Ananionyesha Bega Moja

Mama Santa mpendwa, cherehani iko mbele yangu na hakuna ninachoshona, nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Koboko, mume wangu Sulemani ni askari, mwezi wa pili walimpeleka kozi ng'ambo, Jordan, na tuliishi vizuri kwa simu mpaka siku aliponitumia picha amening'inia kwenye mwamba kama gunia la muhogo, mikanda mapajani, anacheka, anasema ni mara yake ya kwanza, ni siku ya mapumziko, hakuna aliyemwamuru. Nikamuuliza huko juu iko nini, asali? Akasema hakuna kitu, unafika, unashuka. Mama Santa, mtu mzima apande jiwe ashuke mikono mitupu, nami niamini? Nikaikuza picha, na chini nikaona anayeshika kamba ni mwanamke mwenye miwani ya jua, kamba imefungwa kiunoni kwake, ndiyo ileile iliyofungwa kiunoni kwa mume wangu. Akasema ni mwalimu wao, ndiye anayemzuia asianguke. Nikamjibu kwa hasira, nakiri, "Basi ukianguka mpigie huyo huyo, mimi usinipigie."

Tangu hapo amebadilika. Zamani aliandika ujumbe mrefu, sasa anatuma sauti tu, maneno mawili matatu, na picha zake ni uso na bega la kushoto, kila siku la kushoto. Wiki iliyopita nyuma ya sauti yake nilisikia mwanamke akimwambia kwa Kiingereza akae vizuri, ageuke kidogo. Halafu rafiki yake Lemi akaweka picha ya kikosi, wenzake wamesimama, Sulemani peke yake amekaa, upande wa kulia amezibwa na mwenzake, na suruali yake ilipasuka gotini ikashonwa kwa mkono, mishono midogo ya mtu mwenye subira, na Sulemani hata kifungo kinamshinda. Nikampigia Lemi. Akasema, "Shemeji, hayo muulize mwenyewe," akakata. Mjomba wangu Hakimu amepanga Ijumaa baada ya swala twende Arua kwa baba mkwe, nidai talaka. Niende?

Fundi, Koboko

Fundi, jicho lako linawapita polisi wa mpakani, ila unahukumu kabla hujamaliza kutazama. Mimi upelelezi sikusomea popote, nimesoma barua zenu tu, miaka kumi na moja, na mimi pia simwamini mumeo. Anakuficha jambo. Lakini silo hilo unalodhani.

Mwanamume mwenye mpenzi mpya hapigwi picha na suruali ya kushonwa goti. Mwandishi wa ujumbe mrefu ameacha kuandika. Anaonyesha bega moja. Wenzake wamesimama, yeye amekaa. Mwanamke anamwambia akae vizuri, ageuke: mama, wapenzi hawaongei hivyo, manesi ndio wanaongea hivyo. Na Lemi, kama angekuwa anaficha mchepuko, angekudanganya vizuri sana. Amekata simu kwa sababu aliombwa anyamaze. Sulemani alianguka, akaumia mkono. Naweza kukosea, lakini si mara sita kwa barua moja. Kwa nini watu wapande jiwe bila asali, hilo hata mimi silielewi.

Na kwa nini hakukuambia? Ulimwambia akianguka asikupigie. Umeolewa na askari, amekutii.

Aibu hiyo ni yako, ibebe, ila usiipeleke Arua. Baba mkwe akisikia talaka Ijumaa na habari za mkono Jumamosi, hutakuwa na mlango wa kurudia. Mwambie mjomba Hakimu una sare za shule za kumaliza. Leo hii mpigie mumeo kwa video. Usitaje mwanamke, usitaje kamba. Sema tu, "Nionyeshe mkono wa kulia," halafu nyamaza mpaka auonyeshe. Ukiwa mzima na vidole vyote vinakunjika, niandikie, nami nitapanda gari la Arua pamoja nawe. Ukiwa umefungwa bandeji, omba msamaha kwanza, ndipo ulie.