Wiki Uliyoacha Wazi

Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, mnaendeleaje hapo Maore? Goti la mama limepoa, au bado linamsumbua akipanda kwenda Gonja? Mimi ni mzima, ila joto la huku sijalizoea. Nimeshindwa kusubiri Jumapili. Nakuandikia saa ya chakula, maana furaha imenijaa.

Fomu unazojaza kila asubuhi ukishapima mvua huletwa ofisini kwetu. Wasichana hutoboa tarakimu zake kwenye kadi, na kompyuta huzisoma kadi hizo. Programu zetu zote, zaidi ya thelathini, hutegemea kipande kimoja kidogo cha programu kiitwacho MVUA, kinachosoma kadi na kutoa jibu kwa inchi. Sasa tunahamia milimita. Tumeletewa kipande kipya kinachotoa milimita, na mkuu wetu, Bwana Salehe, akaagiza cha zamani kifutwe.

Niliomba kusema. Nilimweleza kwamba wengi walioandika programu zile wamekwisha kuhama, na siku jina MVUA likifutwa zote zitakwama. Nikaomba jina libaki, ila ndani yake kifanye kazi kile kipya, kisha mimi nirudishe jibu kwenye inchi.

"Nakupa wiki mbili," akasema. "Majibu yakitofautiana hata mstari mmoja, tunafuta."

Basi nikapitisha kadi za miaka ya nyuma mara mbili, kwa MVUA ya zamani na kwa yangu. Nikalaza karatasi mbili mezani, nikawa nateremka na rula. Same sawa. Hedaru sawa. Ngujini sawa. Nilipofika Maore, wiki moja ya Aprili, karatasi ya zamani ilikuwa na alama za nyota. Yangu ilikuwa na sifuri tupu.

Baba, wiki ile naikumbuka. Ulishikwa na malaria, mama akakukataza kutoka kitandani, na jirani alipotaka akujazie kwa kukisia ulikataa. Uliacha nafasi wazi. Na mvua ilinyesha mpaka njia ya sokoni haikupitika. MVUA ya zamani ilijua kwamba nafasi wazi maana yake haikupimwa, ikaweka nyota. Kipande kipya huihesabu kuwa sifuri, na hakuna aliyeandika hilo popote. Wahandisi wanatumia hesabu hizi kupanga tuta la kuzuia mafuriko katika kijiji chetu kipya cha ujamaa. Wangedhani Maore ni pakavu, wakajenga tuta dogo, masika yakalibeba.

Niliongeza mistari minne: MVUA itazame kwanza kama nafasi ni wazi, na ikiwa wazi iweke nyota kama zamani. Jana tukapitisha tena. Bwana Salehe alishika rula mwenyewe, akateremka nayo kurasa zote. Mimi nilisimama nyuma yake. Mwishowe akavua miwani.

"Jina libaki," akasema. "Na hizo kadi za Maore zitunzwe. Kuanzia leo, kila kipande kipya kitajaribiwa kwa hizo kwanza."

Nikamwambia aliyejaza fomu zake ni baba yangu. Akaniagiza nikupe shukrani zake.

Nisalimie mama sana, kaka yangu aliyeko kwenye mashamba ya katani, na shangazi wa Ngujini. Mwalimu aliyenifundisha hesabu asomewe barua hii yote.

Ni mimi bintiyo, mwenye vidole vya wino na moyo mweupe,
Nakiete