Sarafu Chini ya Blanketi

Jumatatu, 3 Juni

Leo ameletwa mwanamke kambini. Nasema ameletwa, maana ameshuka kwenye gari la nyapara, kiti cha mbele. Anasema ni mwanafunzi wa chuo kikuu, yuko kwenye shahada ya pili, anasomea kupima maisha ya watu kwa hesabu. Sijui maisha yanapimwaje kwa hesabu. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini anayekuja na gari la nyapara ni mgeni wa nyapara, hilo halihitaji shahada.

Amepita bwenini akihesabu vitanda kuanzia mlangoni. Kila cha tano anabandika karatasi ya njano. Changu kimo. Redio, anayelala kitanda cha chini ya changu, akaomba achukuliwe yeye, eti mimi bubu. Dada akakataa. Akasema akiwachukua wanaopenda kuongea, atarudi chuoni na habari za waongeaji tu.

Jibu zuri. Zuri mno.

Kwa nini mimi? Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Ni mtetemo wa ile mashine ya kuvunjia zege. Asubuhi vinapauka kama chaki, nafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Hajui mtu, ila pengine Mzee Plasta, ambaye huona kila kitu na hasemi. Mkataba wangu unafanywa upya mwisho wa mwezi huu. Yule mpaka rangi aliyeonekana anakohoa hakumaliza wiki, alirudishwa kwao.

Jumanne, 4 Juni

Tumekutana penye mabomba ya kufulia, sisi wenye karatasi za njano. Redio naye kaja, hana karatasi lakini hawezi kupitwa. Ndiye aliyeleta habari kwamba maswali ni ya kuumia kazini. Kila mtu akaendelea kufua.

Mzee Plasta ndiye mkubwa wetu. Akasema tusijisumbue. Tuulizwe lolote, jibu ni hapana.

"Hapana haijawahi kumfukuzisha mtu kazi," alisema.

Tumekubaliana hivyo, wote.

Alhamisi, 6 Juni

Zamu yangu ilikuwa leo, kwenye chumba cha stoo. Mwanzo maswali ya kawaida. Umri, watoto, nalala saa ngapi. Kisha akatoa sarafu na blanketi.

Akaeleza. Nirushe sarafu chini ya blanketi, niitazame mwenyewe, yeye atageuka ukutani. Ikilala kichwa juu, niseme ndiyo, hata kama sijawahi kukwaruzwa. Ikilala upande wa pili, nijibu kweli. Swali lenyewe: umewahi kuumia kazini ukaficha?

Nikamuuliza hii ni kamari au uganga. Akacheka kidogo. Akasema ukisema ndiyo, yeye hatajua kama ni wewe umesema au ni sarafu.

Mtego wa aina hii sijawahi kuuona. Mtu akikwambia kwamba hatajua, ujue anataka kujua.

Nikarusha. Ikateleza ikaanguka sakafuni, na vidole vyangu vikashindwa kuiokota. Naikwangua kama kuku. Kugeuka, dada kageuka nusu. Aliona? Akarudisha uso ukutani haraka. Aliona!

Sarafu ilikuwa kichwa. Kwa kanuni yake nilipaswa kusema ndiyo.

Nikasema hapana.

Jumamosi, 8 Juni

Nyapara kagawa glovu. Kufika kwangu akauliza, mikono inaendeleaje? Hajawahi kuniuliza hata majina ya watoto wangu.

Aliwauliza na wengine? Sikusikia.

Ijumaa, 14 Juni

Sasa yameiva. Asubuhi nyapara katukusanya. Kasema chuo kikuu kimetupima, na kwenye kambi yake hakuna hata mmoja aliyeumia. Kwa hiyo kupokezana mashine ya zege, watu wawili kwa mashine moja, kumefutwa. Eti ni kuchezea saa za kazi. Kuanzia leo mtu mmoja, mashine moja, mpaka kengele.

Kwa hiyo hapana yangu imeniongezea mashine. Jioni hii kijiko kimenidondoka mara kadhaa. Kalamu nayo naishika kama nyundo.

Na habari kazipata wapi kama si kwa yule dada? Gari moja, mdomo mmoja.

Jumapili, 16 Juni

Nimeongea na mke wangu. Kaniambia sauti yangu ina kitu. Nikasema ni mtandao. Akasema mtandao haujawahi kunuka uongo. Tukacheka, kisha hatukucheka.

Jumanne, 18 Juni

Dada karudi. Nilimwona akija kwa miguu kutoka barabara kuu, viatu vyote tope. Nikamsubiri kwenye lango, nikamwambia bila salamu kwamba ametuuza.

Hakukasirika kama nilivyotaka. Alikuwa amechoka yeye pia. Akasema gari la nyapara alipanda siku ile moja, alipokuja kuomba ruhusa. Majibu hajampa. Na hata angempa angechekwa, maana majibu yetu ni takataka.

"Kaka, mmesema hapana wote," akaniambia. "Hata sarafu zenu zinamwogopa nyapara?"

Kumbe nusu ya sarafu, zaidi au pungufu, lazima zilale kichwa. Nusu yetu tulitakiwa kuwa na ndiyo hata kama tuko wazima kama ng'ombe. Anachofanya ni kuziondoa ndiyo za sarafu, zinazobaki ndizo za watu, bila kujua ni za nani. Yeye karudi chuoni hana hata moja. Mwalimu wake kamwambia alijifungia chumbani akajijazia majibu mwenyewe. Asipoleta mengine yanayoeleweka, shahada inaishia hapo.

Anataka turudie Alhamisi.

Nikamuuliza kuhusu mkono wangu. Akasema aligeuka aliposikia sarafu sakafuni, akaona ninavyoitafuta. Hajamwambia mtu. Nimwamini? Msema kweli na mwongo wote wanakutazama usoni.

Basi nani alimpelekea nyapara zile habari? Nimeuliza bwenini, kwa sauti, bila kumlenga mtu. Redio akawa anatazama viatu vyake. Baadaye kakiri: alikuwa akimsaidia nyapara kusukuma gari, akaona amfurahishe, akamwambia sisi wote tumesema hatujaumia. Alidhani anatusaidia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote hizi nakagua nguo za dada.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika kwenye benchi nje ya stoo. Mchana. Nyapara kaegemea tangi la maji, anajifanya anapiga simu. Hajawahi kupiga simu akiwa kimya hivyo.

Redio kazunguka kwa kila mtu akisema maneno ya kwenye mabomba yako palepale. Hapana, na hapana tena. Anaogopa. Nyapara akijua kuna walioumia, atauliza nani alimdanganya.

Mzee Plasta kaingia, katoka. Redio akamrukia. Mzee akasema, "Nimejibu ndiyo."

Hivi hivi, kwa sauti ya kuagiza maji.

Ndiyo ya sarafu au yake? Nimemtazama. Nimeishi naye bweni moja miaka minne, najua anavyokoroma akiwa na homa na anavyokoroma akiwa mzima. Sijui. Huenda mgongo wake umekwisha. Huenda ni kichwa tu kililala juu. Namtazama tena, sijui kabisa!

Nyapara kaacha simu yake. Kamwita Mzee, kamuuliza anaumwa nini.

"Iulize sarafu, bosi," Mzee kamjibu, kaenda kunawa.

Watu wawili wamecheka. Nyapara hakucheka, lakini hakuwa na la kufanya. Kasimama tu, kama mtu aliyeshika kamba asione mbuzi.

Sasa dada anaita namba ya kitanda changu. Redio kakaa kizingitini, miguu kainyoosha mlango mzima. Ananong'ona nikumbuke mkataba wangu, nikumbuke watoto. Nawakumbuka. Dada kaita mara ya pili. Nyapara anasogea.

Nimemwambia Redio, ndugu yangu, nipishe, leo naifuata sarafu. Hajasogea bado—