Kwa Baba Yetu Reinhold Zschoche, Mfuga Njiwa wa Miguu ya Manyoya

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu uvue viatu vyako vya bandani usivivae tena. Mama Traudel hajaviondoa mlangoni. Huvikwepa kila asubuhi akienda kulisha njiwa wako, na amechoka. Tuseme ukweli tu, sote tumechoka.

Ulikuwa mpole, hata kwa waamuzi wa maonyesho ya njiwa waliokunyima kombe. Jirani alipokuuliza faida ya njiwa asiyeliwa wala kupeleka barua, ulimjibu, "Kwani paka wako anakupikia?"

Njiwa hao weupe wenye mabawa mekundu uliachiwa na babu. Kila vuli, kabla ya maonyesho, uliwaosha yale manyoya marefu ya miguuni kwa maji ya vuguvugu, ukatuonya, "Mtu asiyaguse kwa mkasi." Wakati wa kuatamia hukutaka hata tuingie bandani.

Basi hatukuyagusa. Ulipoondoka, njiwa walitaga, na kila walipoinuka manyoya yalikokota mayai nje ya kiota yakapasuka. Hatukupata hata kinda mmoja. Mama aliamini wanakulilia. Mwaka mwingine kama huo, na njiwa hawa wazee wakifa, ukoo wao umekwisha.

Juzi alimwita Helmfried, rafiki yako wa chama cha wafugaji, aje awachukue wote. Wakanywa kahawa kwanza.

"Mayai yote yalivunjika?" Helmfried akauliza. "Shemeji, kwani hamkuwakata manyoya ya miguu?"

"Si alitukataza?"

"Alikataza kabla ya maonyesho. Kabla ya kutaga yeye mwenyewe aliyakata, kila mwaka."

"Mbona hatukuwahi kumwona?"

"Alijifungia bandani. Alisema mkimkuta analilia manyoya, mtamcheka mpaka Krismasi."

"Na kweli tungemcheka," Mama akasema.

Helmfried alirudi kwake na matundu aliyoyaleta, yote matupu.

Jana Mama alikaa kwenye kigoda chako, akamkumbatia jike mzee kuliko wote, akaanza kukata. Alilia, na mlango aliuacha wazi.

Unakumbukwa na mkeo Traudel, binti yako Annegret, mkweo Jörn na mjukuu wako Frieda.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Laiti ungetuambia.