Dawa ya Magoti Kutoka Tanga

Kibarani, Kilifi
Mwishoni mwa 1983

Mama,

Mpaka umefunguliwa. Redio ilisema majuzi kwamba wakubwa wa Kenya na Tanzania wamekaa, wamepatana, wamepeana mikono. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi niliketi jikoni na mwiko mkononi.

Mama, nimekosa na sijui pa kushika. Mamkubwa Zuhura hajui kuwa ulikufa.

Ulipofariki, mwaka wa pili huu, nilitoa karatasi nimwandikie dada'ko. Nikawaza, yuko Tanga peke yake, mpaka umefungwa, hawezi kuja kukuosha wala kukuzika. Atalia na nani? Basi nikaandika kwa jina lako, kama zile siku ulipokuwa ukichambua mchicha na kunitajia maneno: "Mwambie sijambo, ila magoti." Nilisema ni mara moja tu. Akajibu kwa furaha, nami nikajibu tena. Magoti yako yameuma kwa kalamu yangu muda wote huu, nawe umelala. Mungu anisamehe.

Nilijiambia nchi hizi hazitapatana leo wala kesho. Sikuwa nikiomba zisipatane, Mama. Labda nilikuwa nikiomba.

Jana barua yake ilifika. Anakuja Alhamisi. "Mwambie mdogo wangu asihangaike kupika, wala asije kivukoni, akae na magoti yake. Namletea dawa, nitamchua mwenyewe."

Nikimwandikia ukweli sasa, barua haitamkuta. Nilifikiri nimtume mtu akamwambie, nikaona haya. Uongo nimeupika mwenyewe, niupakue mwenyewe. Wakubwa walinuniana miaka sita na ushei, na kupeana mikono kumewatosha. Mimi na Mamkubwa sijui kitatutosha nini.

Alhamisi nitasimama kivukoni mapema. Nakuahidi sitamfikisha nyumbani akute kitanda kitupu. Nitamwambia pale pale, kabla hajaniuliza hali yako. Kisha nitamleta kwako, akikubali kufuatana nami. Na akitaka kuipaka ile dawa juu ya mchanga wako, sitamzuia.

Mungu akulaze pema, Mama. Barua hii ndiyo ya kwanza ninayoiandika kwa jina langu mwenyewe.

Mwanao,
Mwanajuma