Mbio ya Agata katika Pisini ya Kampuni

Jumatatu, 4 Agosti 1958. Kasongo.

Jambo, daftari yangu. Umeamkaje? Panya hawajakutafuna? Mimi niko muzima, ni kiuno tu, na koo kwa sababu ya vumbi. Tumsifu Yesu Kristo.

Misa asubuhi. Kisha fwaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, kufundisha wake za makarani kushona. Wanataka kola ya Kizungu hata kwenye nguo ya kwenda shamba. Kutia uzi kwenye sindano hawawezi. Nilikaza meno.

Saa ya chakula akaja karani Alfonsi wa biro, ofisi ya bwana mukubwa wa teritware, Mubelgiji anayetawala wilaya yetu. Soksi nyeupe, kiangazi hiki, vumbi hili. Anajiita evolue, mweusi aliyestaarabika. Mama yake nilimujua akitembeza mawese kichwani. Yeye hakuwa evolue, alikuwa mutu.

Anasema bwana mukubwa anamutaka Agata. Agata ni mutoto wa marehemu dada yangu, nimemulea mimi, sasa iko mwaka wa mwisho kwenye shule ya wakunga ya masera, watawa wa kike. Wakati wa Pasaka bwana mukubwa alimuona kule Nyangwe, kwa baba yake, akivuka muto kwa kuogelea kufuata mutumbwi uliokatika kamba. Sasa kuna mashindano ya wanawake wa mataifa. Yatafanyika Salamabila, katika pisini, bwawa la kuogelea la kampuni ya dhahabu. Mubelgiji, Mwingereza wa kutoka Kigoma, Mugiriki, Mureno. Mbio fupi, kwenda tu bila kurudi, kila mumoja aogelee anavyojua. Kuna mukubwa zaidi atatoka Bukavu kutazama, kwa hiyo wanahitaji mweusi mumoja.

Eti ili ionekane sisi sote ni familia moja. Watu wa familia hula pamoja. Mimi sijawahi kula kwa bwana mukubwa.

Jumanne, 5 Agosti.

Masera Direkta, mukuu wa shule, ameniita. Habari imemufikia kabla ya uji. Alisema bila kunigeukia, alikuwa anakunja bandeji: binti atakayevua nguo mbele ya wanaume hatamugusa mutoto katika maternite yake, nyumba ya kuzalia.

Nikamwambia amri ni ya bwana mukubwa. Akajibu kwamba bwana mukubwa anaamuru barabara, haamuru miili ya mabinti.

Neno zuri. Lakini hakwenda kumwambia bwana mukubwa. Aliniambia mimi.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimekaa kwenye benchi la biro tangu asubuhi mpaka jua limepinduka. Alfonsi alipita mbele yangu mara nyingi na karatasi ileile.

Bwana mukubwa alicheka. Akasema Agata akishinda, yeye mwenyewe atakwenda kwa Masera, pamoja na yule wa Bukavu, na Masera hatakataa. Nikauliza, asiposhinda? Akatazama saa yake. Nikauliza, asipokwenda? Akasema amesikia kwamba baba yake bado ana nguvu, na barabara ya Kabambare inahitaji watu wenye nguvu.

Basi. Akienda na kushinda, anabaki shuleni. Akienda na kushindwa, anafukuzwa. Asipoenda, baba yake, shemeji Mulamba, anavunja mawe. Wanaume wazima wenye kalamu wamekaa wakatengeneza mutego wa kunasa binti mumoja.

Jumamosi, 9 Agosti.

Wameleta mayo, nguo ya kuogelea. Ya zamani, ya Madamu wa direkta wa kampuni. Ni kama soksi iliyopotewa na mwenzake. Nimeishika kwa vidole viwili. Nilitaka kuiongezea sketi, Agata akanizuia, akasema sketi itakunywa maji na kumuvuta chini.

Yeye haogopi. Hilo linanikasirisha kuliko yote. Mama yake alikufa akizaa, mutoto naye akafa, Agata akiwa musichana mudogo amesimama mulangoni na kibuyu cha maji. Tangu siku hiyo ana neno moja tu, kuwa mukunga. Leo amelisema tena, anamenya mihogo.

"Mama mudogo, kuogelea ni kuogelea tu. Nitafika mbele, tutarudi, nitafanya mutihani wangu."

Kama vile anakwenda sokoni kununua chumvi.

Jumapili, 10 Agosti.

Kanisani akina mama wa chama chetu wamesogea kwenye benchi. Si kunipa nafasi. Kuniachia nafasi. Mama Filomena akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama ni kweli Agata atacheza uchi mbele ya Waingereza. Huyu Filomena mume wake ana wake wawili, mumoja wa kanisa na mumoja wa Kabambare. Nikamujibu kwamba nitamuombea. Akashukuru. Hakuelewa.

Ijumaa, 15 Agosti. Mama Maria kupalizwa mbinguni.

Misa kubwa, nyimbo nzuri. Alfonsi ameketi mbele, anawaambia watu "dada yetu Agata, dada yetu Agata". Mwezi uliopita hakujua jina lake. Nimeshindwa kusali vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti. Salamabila.

Tumefika na kamyo, lori la kampuni. Alfonsi ndani na shofa anayeendesha. Mimi na Agata juu ya magunia ya muchele, vumbi mpaka kwenye meno. Njiani akaniimbia nyimbo za wavuvi ili nisitapike. Tumelala kwa katekista, mutu mwema, ana kuku wengi ndani ya nyumba.

Jumapili, 17 Agosti.

Tumesali na katekista mapema. Wazungu hawakuja. Kwao leo Mungu iko likizo.

Pisini ni shimo la simenti, bluu kama sahani ya enameli. Wamechimba udongo wetu wakatoa dhahabu, wakachimba tena wakatia maji. Bendera za mataifa zimetundikwa, kila mushindani na ya kwao. Kwa Agata wametundika ya Ubelgiji mara ya pili, ndogo zaidi. Sisi weusi nyuma ya waya. Alfonsi kapewa kiti cha kukunja, mwisho wa mustari, jua lote la kwake.

Wakatoka. Madamu wa direkta, murefu kama korongo, kofia ya mupira kichwani. Mwingereza wa Kigoma, mabega ya kubeba nguzo, uso mwekundu kama pilipili. Binti wa Mugiriki mwenye duka, analia, baba yake anamusukuma. Mureno, mama munene anayecheka ovyo. Huyu peke yake alimupa Agata mukono. Huyu simudharau.

Na Agata. Daftari, nilifunika macho. Kisha nikayafunua. Ni mwili tu. Nimeuogesha tangu ukiwa mudogo.

Filimbi. Wale wakajitupa vichwa mbele. Agata akaingia miguu kwanza, kama mutu mwenye akili, maana nani anajua kilicho chini? Hapo walimucheka. Hawakucheka muda murefu. Kichwa juu, mikono kama makasia, akamupita Mugiriki, akamupita Mureno, akamufikia Madamu na kumuacha. Kabla ya katikati alikuwa mbele kwa urefu wa mutumbwi. Watu wa nyuma ya waya wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi, mimi Veronika, na rozari mukononi, siku ya Bwana.

Kisha akaanza kwenda upande.

Nilijua palepale. Kila mutoto wa Nyangwe anafundishwa jambo hili kabla hajafundishwa Baba Yetu: ukivuka, usitazame unapotaka kufika. Tazama juu yake, kule muto unakotoka, uogelee huko, na muto wenyewe utakushusha mpaka pako. Agata alichagua pembe ya kushoto, akaiendea kwa nguvu zake zote, akangoja maji yamushushe.

Maji hayakumushusha.

Akakata njia ya Mwingereza, wakagongana. Mwingereza akanywa maji, akatoa maneno ambayo sikuhitaji mukalimani. Agata akapiga bega kwenye ukuta wa pembeni. Akasimama kidogo, anautazama ukuta kama mutu aliyekuta nyumba yake imehama. Halafu akaogelea tena, akifuata ukuta, akafika. Lakini mwenye saa alikuwa amekwisha kuinua mukono na kumutoa katika mashindano.

Madamu wa direkta kwanza. Katika maji yake, mbele ya mume wake, kikombe kimenunuliwa na kampuni yake. Mukubwa wa Bukavu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Familia moja.

Alfonsi akanijia wayani. "Watu wa samaki, mama," akasema. "Tumewapa nafasi, wanaogelea kama kaa." Dada yetu amekwisha. Asubuhi alikuwa naye, saa hii hamujui.

Hakuna aliyemupa Agata taulo. Nikapitisha kitambaa changu cha kichwa chini ya waya. Akajifuta, bega limechubuka.

"Maji yale yamekufa, mama mudogo," akaniambia. "Hayaendi fasi yoyote."

Jumatatu, 18 Agosti.

Tukingoja kamyo, tumeona wakifungua bomba la pisini. Wanamwaga maji yote. Jana waliogelea wanawake watano, lakini ni mumoja tu ndiye aliyeyachafua. Kiangazi, visima vya kambi ya wafanyakazi vimekauka, na wao wanamwaga.

Wake za wafanyakazi wakaja mbio na ndoo, kwa ajili ya bustani. Agata akainuka kuwasaidia kuchota. Mama mumoja akamuuliza kama ni kweli kuna binti wa Nyangwe alitia uchafu.

"Ni mimi, mama. Chota tu, nilioga kabla."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, ndoo ikamwagika, wakachota nyingine. Nilicheka na mimi. Lakini kwenye kamyo nilirudiwa na hasira, na ikakaa nami mpaka Kasongo.

Jumatano, 20 Agosti.

Biro. Bwana mukubwa hakuinua kichwa. Alfonsi akanijibu mulangoni: ahadi ilikuwa ya mushindi. Nikamwambia Agata alikwenda kwa amri, sasa anafukuzwa kwa kutii. Akasema mambo ya masera ni ya masera.

Kisha akadai mayo. Madamu anaitaka.

Nikamwambia nimedekia nayo nyumba. Ilikuwa bado. Nimerudi nikadeki nayo mara moja, nisiwe muongo.

Alhamisi, 21 Agosti.

Masera Direkta ametupokea tumesimama. Akasema anasikitika. Akasema Agata ni wa kwanza darasani, na kwa sababu hiyohiyo wengine watamuiga. Akasema kuna njia: Jumapili apige magoti mbele ya kanisa lote, akiri kwamba aliaibisha mwili wake, na mwaka ujao wataona.

Mwaka ujao. Wataona. Nikamugusa Agata mugongoni, piga magoti, mutoto, magoti ni ngozi na mufupa tu, yatapona. Nilikuwa tayari kupiga yangu.

Agata aliuliza kwa adabu, mikono nyuma.

"Masera, siku Bwana Yesu alipobatizwa Yordani, watu wote ukingoni, alikuwa amevaa nini?"

Nilisikia mutoto akilia upande wa maternite, na mutu akimubembeleza. Kisha Masera akasema, "Acha nguo ya shule hapo. Toka."

Agata akaenda nyuma ya pazia, akatoka amejifunga kitenge. Nguo ya shule ameikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akanyoosha kola yake kwa kidole.

Njiani nilimugombeza. Nilimwambia ana kichwa kigumu kama cha mukuki. Nyumbani nikamukumbatia.

Nimekwenda kuungama kwa padiri kwamba namuchukia Masera. Nimetubu nusu. Nusu nyingine Mungu aningojee.

Jumamosi, 23 Agosti.

Amekwenda Nyangwe kwa baba yake, nyuma ya baiskeli ya muuza samaki. Nyumba kubwa. Sikujua kwamba ni kubwa.

Jumapili, 31 Agosti.

Misa ya pili. Nimeketi nyuma, karibu na mulango. Kuna upepo huko.

Baada ya misa muuza samaki amenikuta nyumbani na maneno kutoka kwa Agata. Kwenye kisiwa cha wavuvi kuna mwanamuke kijana, mimba ya kwanza, mutoto amekaa vibaya. Maternite ni mbali, hawezi kupanda baiskeli. Wamemuita Agata. Amemupapasa, amewaambia atakaa naye mpaka mwisho. Anaomba sabuni, wembe mupya, uzi safi, na kitambaa.

Cheti cha shule hana, wamemuita hivyohivyo.

Nimechukua uzi mweupe kwangu, nimeuchemsha, nimeuanika juani juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Nimekaa karibu nao kufukuza kuku. Sabuni nimeikata vipande viwili ili mukono mudogo wa Agata uishike vizuri. Wembe uko bado kwenye karatasi yake.

Muuza samaki anaondoka kesho alfajiri. Nimeweka ndani ya furushi kipande kidogo cha karatasi:

Binti yangu, salamu. Mimi niko muzima. Mama amejifungua? Mutoto amelia? Nijibu upesi, mwenye baiskeli nimemwambia akungoje.