Ubao wa Kumi na Saba

Jumapili, 8 Novemba 1998
Tumefika mela ya Sonbarsa, gulio la mifugo na michezo. Vumbi, ng'ombe, makelele. Kisima cha mauti, ukuta wetu wa duara wa kuzungushia pikipiki, kinasimamishwa — mbao sitini na mbili, kila mmoja na namba yake. Wa kumi na saba umeoza! Nilisema tangu mvua. Nani anamsikiliza kikongwe? Mwanangu Baijnath anasema ubao mnene hivyo haupatikani hapa. Akautazama ule ninaolalia. Nikamwambia atazame kwingine.

Jumatatu, 9 Novemba
Ameomba tena. Hana haya! Ule ndio wa kumi na saba wa zamani, uliomuua babake. Miaka ishirini na sita. Girdhari wangu alikuwa juu ukutani, pikipiki imelala ubavu, mikono hewani, watu wakimchungulia toka ukingoni. Ubao ukacheza chini ya gurudumu — basi. Walitaka kuuchoma. Nikakataa, nikaulalia. Bado unanguruma. Nikiweka sikio namsikia anazunguka, taratibu. Eti ni damu masikioni, kasema daktari. Na aje aulalie yeye!

Jumanne, 10 Novemba
Wameuchukua nikioga. Wezi! Tayari umefungwa ukutani. Na atakayepita juu yake ni Kusum, mjukuu wangu, miaka kumi na tisa, ulimi wembe. Kwa pikipiki ile ile ya babu yake, Rajdoot — haina breki, ekzosi imekatwa. Nikamwambia asipande. Akacheka: eti Bibi, wewe ulipanda na mimba ya baba tumboni, leo unaogopa kipande cha mti?
Kweli nilipanda. Wanaume walisahau kutafuna njugu.

Jumatano, 11 Novemba
Kitanda kimya. Mngurumo umehamia kisimani. Nimekwenda saa sita mchana — Rajdoot imezimwa, imefunikwa turubai. Nikagusa ukuta. Unatetemeka.

Alhamisi, 12 Novemba
Nazi imepasuliwa mbele ya gurudumu. Udi unawaka. Watu wamejaa ukingoni. Nikamvuta Kusum kando nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu. Kukaza nati kulikuwa kazi yangu. Siku ile niligombana na Girdhari, nikaziacha za ubao wa kumi na saba, nikasema nitazirudia. Nikaenda kuvaa bangili.
Kusum hakucheka. Yeye!
Kisha: "Leo kakaza nani?"
Baba yako.
"Umekagua?"
Tangu siku ile sigusi spana, nikamwambia.
Akanitia spana mkononi. "Nenda nyuma ya ukuta, Bibi. Nitazunguka chini. Nati zikiwa sawa, gonga mara tatu, ndipo nipande juu. Usipogonga nashuka, na watu wapige miluzi mpaka midomo iote malengelenge."
Niko nyuma ya ukuta. Kawasha. Nati ya juu imekaza. Ya kati imekaza. Ya chini, hata mimi sikuwahi kukaza hivyo. Baijnath anapiga kelele toka ngazini: "Amma, unaandika nini huko? Gonga!"
Spana nimeiinua. Mkono haushuki.
Pikipiki humo ndani ni moja. Ninazozisikia ni mbili — moja chini, inanisubiri. Nyingine iko juu tayari.