Kitenge cha Harusi Kwenye Blogu ya Duka

“Maman Elikia, unauza bitenge ao unauza siri zetu?”

Béata, hayo nimeambiwa na Nabintu sasa hivi dukani, wateja wote wakisikia. Siri zetu, anasema.

Blogu ya duka ilikosa habari mpya, nikaweka picha ya kitenge ambacho mashangazi wote watavaa kwenye harusi ya binti yake. Kabla ya harusi, Béata. Mimi, mama mzima.

Upande wa bwana harusi, kule Bukavu, wamekiona na kununua kilekile; sasa pande mbili zitavaa sare moja.

Nikamtolea robota la kitenge cha bluu nililoficha kwa ajili ya Noeli. Akalipapasa. “Na hiki utakiandika kwenye blogu?”

Nikampa simu yangu. “Futa blogu yote.”

Amefuta. Robota limeshapanda pikipiki, linaenda kwake.